Tulivyofichana Njia ya Udaktari

Kwa miaka mitatu nilikaa benchi moja na msichana niliyempenda kama dada na kumwonea kijicho kama jirani. Nalisema hili mapema, asije mtu akanidhania mwema halafu akajuta. Tulikuwa tukisoma ubongo katika chuo kikuu kimoja cha Brussels, miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni, na wote wawili tulikuwa tukiusoma huku macho yetu yako kwingine. Tulichokitaka ni udaktari.

Ubelgiji, mtoto akitoka sekondari anaweza kuingia udaktari moja kwa moja. Na sisi tuliingia hivyo, tukiwa na miaka kumi na minane, mama zetu wakiwa wamekwisha kulitangazia kanisa zima. Kanisa letu lilikuwa katika karakana ya zamani kule Molenbeek, karibu na mfereji, na waumini wengi walikuwa watu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, kama sisi. Waliombea kalamu zetu. Walituita docteur kabla hatujajua kuupima hata mpigo wa moyo. Kisha mwaka wa kwanza ukatuchekecha kama unga na kututupa nje na makapi. Kwa miezi kadhaa mama yangu alikuwa akichelewa ibada kwa makusudi na kutoka kabla ya baraka, ili asikutane na mtu wa kumuuliza, "Na docteur wetu, ameendelea?"

Ndipo tukahamia sayansi za tiba, na ndani yake tukachagua ubongo na mishipa ya fahamu. Sitadai kwamba niliitwa na maajabu ya ubongo. Nilichagua kwa sababu kulikuwa na daraja. Ukimaliza shahada ile na alama nzuri, unaruhusiwa kuomba kurudi udaktari kwa mlango wa pembeni: unapeleka faili, ukikubaliwa unaitwa kwenye mahojiano, na nafasi zenyewe ni chache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Sikutaka kitu kingine duniani zaidi ya ule mlango wa pembeni, na nilijua kwamba mwenzangu anautaka vilevile, ingawa hatukuwahi kuutaja.

Kila Jumanne mchana tulikuwa maabara. Tulipewa ubongo wa panya uliogandishwa, kitu kidogo kuliko tende, tukauweka kwenye mashine yenye wembe na kuukata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Kipande unakiokota kwa brashi ndogo, unakiacha kielee majini, unakilaza juu ya kioo, baadaye unakitia rangi ya zambarau ili seli zionekane kwenye hadubini. Vipande vyangu vilikunjamana au vilichanika katikati. Vya kwake vililala vimenyooka kama shuka la hotelini. Siku moja mwalimu alikichukua kioo chake akakipeleka dirishani, akawaambia wanafunzi wote wauangalie mkono uliofanya kazi ile. Niliuangalia. Wiki iliyofuata, kabla ya kuingia maabara, nilimwombea mafua.

Hayakumpata, bila shaka. Ngozi yake haikujua kipele, tumbo lake halikujua kunenepa, na alikula chipsi zenye mayonezi kila Ijumaa pale uwanjani karibu na kituo cha tramu. Alikuwa na chumba chake mwenyewe chenye meza mbele ya dirisha, wakati mimi nilisomea meza ya jikoni kwetu Schaerbeek, wadogo zangu wawili wakigombania rimoti nyuma ya mgongo wangu. Koti lake jeupe lilipigwa pasi na mtu mwingine. Lakini haya yote ningeyavumilia. Nililoshindwa kulivumilia ni baba yake, ambaye mvua ikinyesha alikuja kumsubiri kituoni na mwavuli mkubwa wa kijani, akasimama pale bila kuonyesha haraka yoyote. Mara nyingi alinifunika na mimi mpaka mlangoni kwetu. Baba yangu alibaki Bukavu kwa namna ambayo nyumbani hatuizungumzi, na kila nilipotembea chini ya mwavuli ule nilihesabu hatua zilizobaki ili tufike upesi.

Na bado nilimpenda. Ni yeye aliyenifundisha kuibana brashi kwa vidole viwili badala ya kuikamata kama mwiko. Alileta sombe, majani ya muhogo, ya mama yake kwenye kopo la plastiki na kunipa nusu, mara nyingine zaidi ya nusu. Kanisani tonton mmoja, ndivyo tunavyowaita akina mjomba, aliwahi kutuuliza kama tunasomea kuponya vichaa, maman mwingine akataka kujua kwa nini tunakata vichwa vya panya ilhali kuna watu wanaumwa, nasi tulijibu kwa heshima, kisha tukacheka ndani ya tramu mpaka abiria wakatugeukia. Hakuna mtu mwingine ambaye ningecheka naye hivyo. Wivu na mapenzi vinaweza kukaa chumba kimoja bila kusalimiana. Kwangu vilikaa miaka mitatu.

Mwaka wa tatu ulipofika nusu, mama yangu aliniita jikoni, akafunga mlango ingawa tulikuwa peke yetu nyumbani. Alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha, na mikono yake ilinuka sabuni ya kule.

"Ile ya kwanza tulisema mbele, ukaona mwenyewe," alisema. "Sasa funga kinywa. Utatuma karatasi zako polepole, kimya-kimya. Ukiingia, bon, tutasema. Kama haukuingia, hakuna mwenye atajua."

"Hata rafiki yangu?"

"Ule sana-sana. Bantu beko na macho, mutoto wangu."

Asiyetoka kwetu, akisikia kwamba watu wana macho ya kuharibu, anaweza kuona huu ni ushirikina wa akina mama. Lakini kwetu ndivyo watu wanavyoishi. Visa, mimba, nyumba, mchumba, mtihani: jambo ambalo halijakamilika halina jina. Unalibeba kimya mpaka liishe, kisha Jumapili moja unasimama na familia yako yote, mnatembea mbele kwa kucheza, mnamshukuru Mungu, na hapo ndipo watu wanajua ulikuwa unatafuta nini. Usimwage mtama penye kuku wengi, wanasema. Mimi ubongo nilikuwa nimeusoma, niliujua kwa ramani, na bado nilimtii mama yangu bila swali hata moja. Kusema kweli nilifurahi kutii. Nilitaka rafiki yangu aamke siku moja akute nimekwisha ingia, yeye yuko nje.

Faili lilikuwa na vitu vinne: fomu, barua ya kueleza sababu zako, barua ya mwalimu mmoja, na nakala ya alama za miaka yote iliyogongwa muhuri na ofisi ya wanafunzi. Barua yangu sikumpa mtu aisome. Mwalimu nilimfuata siku ambayo rafiki yangu alikuwa kwa daktari wa meno. Ukabaki muhuri.

Ofisi ile ilikuwa ghorofa ya pili, na dirisha lake lilifunguliwa asubuhi tu, saa tatu mpaka saa tano. Sasa, saa zile zile, maman mmoja wa kanisani kwetu alikuwa akipiga deki kwenye korido hiyo. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya usafi, mwanamke mchangamfu, mwimbaji wa kwaya pamoja na mama yangu, na hakuwa na ubaya wowote ila mmoja: alichokijua yeye Jumatano, Jumapili kilikuwa kimeshafika kituo cha treni cha Gare du Nord na kurudi. Nilipotokeza kwenye korido na karatasi zangu mkononi, aliliegemea fagio lake na kunitazama kwa furaha.

"Eh, mutoto ya chorale. Unatafuta nini huku asubui-asubui?"

"Toilette, maman."

"Toilette iko chini. Huku ni ba-bureau tu." Akaziangalia karatasi. "Uko naenda toilette na karatasi?"

Nilicheka kicheko cha kijinga, nikashuka. Nilirudi siku ya pili, nikaiona ndoo yake juu ya ngazi, nikageuka. Siku ya tatu sikupanda kabisa. Mwisho wa kupokea faili ulikuwa karibu, na nilijishawishi kwamba muhuri ni urembo tu: karatasi ya alama ilikuwa na nembo ya chuo, namba yangu na sahihi iliyochapwa, nani angeitilia shaka? Nikaitia nakala kavu ndani ya bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe, nikarudi maktaba.

Ilikuwa karibu na blocus, zile wiki ambazo Ubelgiji nzima ya wanafunzi hujifungia kusoma kabla ya mitihani. Tulikaa meza moja kama kawaida, yeye upande wa dirisha. Nakumbuka alifungua begi lake kutafuta kalamu, akalifunga haraka. Mimi nilikuwa nimelifunga langu haraka vile vile dakika chache kabla. Tukatabasamu. Tulikuwa tukikariri njia ya maumivu, jinsi yanavyosafiri kutoka kidoleni, yanapanda uti wa mgongo, yanavuka upande wa pili na kufika juu, na tuliulizana maswali kwa zamu. Alinirekebisha mara mbili. Mara ya pili nilitamani kumpiga na kitabu.

Mitihani tulifaulu wote, yeye kwa alama za heshima, mimi bila. Barua ilinijia wiki chache baadaye. Ilikuwa fupi: faili halikukamilika, nakala ya alama haina muhuri, muda uliotolewa wa kurekebisha umepita, ombi halitasomwa. Niliisoma nimesimama mbele ya sanduku la barua, jirani yetu Mturuki akinisubiri nisogee ili achukue barua zake. Sikuelewa ni muda gani huo uliotolewa, maana sikuwa nimepata barua nyingine. Mama nilimwambia kwamba sikuingia. Muhuri sikuutaja. Akasema, "Umeona sasa? Hakuna mwenye anajua." Alilisema kama mtu anayekupa maji. Nikayanywa, na kweli yalisaidia kidogo.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, mchungaji aliita familia zenye shukrani. Nilikuwa nimekaa safu ya kati na mama. Nyuma yetu viti vilisogezwa, nikageuka, nikaiona familia ya rafiki yangu imesimama yote: baba, mama, kaka zake, shangazi aliyetoka Liège, wote wamevaa kitenge kimoja cha rangi ya machungwa chenye ndege wa buluu. Kitenge cha familia nzima hakishonwi kwa siku mbili. Kinanunuliwa, kinagawanywa, watu wanapimwa, fundi anazungushwa. Kwa hiyo walijua wiki nyingi. Alikuwa akipimwa gauni la shukrani huku akiniuliza kama likizo nitakwenda popote.

Walitembea mbele kwa kucheza. Mama yake alichukua kipaza sauti, akasema Mungu amemrudisha mtoto wake mahali ambapo shetani alimtoa, kwamba anaingia udaktari, na kanisa likalipuka. Rafiki yangu alisimama katikati na gauni lile lililomkaa kama alizaliwa nalo. Sitasema nilijisikia vibaya. Neno ni dogo. Nilisikia kijiba cha roho kimesimama kooni kama fupa la samaki. Nilimwangalia baba yake akijifuta machozi kwa kitambaa na nikamchukia na yeye. Kisha nikapiga makofi, kwa nguvu, mikono juu ya kichwa, mpaka viganja vikawaka moto.

"Ulijua?" mama aliuliza pembeni ya sikio langu.

"Nilijua," nilimdanganya.

Jambo lililonichoma zaidi nililitambua nikiwa bado napiga makofi. Ule mdomo uliofungwa ulifungwa kwa sababu yangu. Nyumbani kwao, jikoni, mlango ukiwa umefungwa, mtu alisema bantu beko na macho, na macho yaliyokusudiwa ni haya yangu. Nilitaka kukasirika kwamba wamenidhulumu. Lakini walikuwa na haki.

Baada ya ibada wanawake walipakua chakula katika chumba kidogo nyuma. Nilipewa kazi ya kuosha sahani, nikafurahi kupata mahali pa kuupa ukuta uso wangu. Alikuja akasimama kando yangu, akachukua taulo, akaanza kufuta. Tuliosha na kufuta mpaka akina mama wawili waliokuwa pale walipotoka na masufuria.

"Félicitations," nilimpongeza.

"Mi nilikuwa naona numero yako ku valves," alisema.

Valves ndiyo mbao za matangazo, ndivyo wanavyoziita katika vyuo vya Brussels. Sikumwelewa mara moja. Akaeleza, akiifuta sahani moja ile ile. Kabla ya mitihani ofisi ilibandika orodha ya faili zenye upungufu, bila majina, kwa namba za wanafunzi tu, pamoja na siku tano za kuleta kinachokosekana, kama ule muhuri wangu. Ubao wenyewe ulikuwa ghorofa ya pili, kando ya lile dirisha. Yeye alikuwa amepanda kuulizia mahojiano. Namba zetu zilifuatana, kwa sababu siku ya kujiandikisha tulisimama foleni moja, yeye mbele na mimi nyuma, na namba yangu ilikuwa yake ukiongeza moja. Aliiona na kuijua kama anavyojua jina langu.

"Ilikuwa inabakia cinq jours ya kuleta cachet. Nikasoma, nikarudia kusoma. Alors nikasema, nikimwambia, atajua na miye nimetuma. Na maman alikuwa amenikataza."

"Ukapita."

"Nikapita. Kesho yake nikarudi kuangalia kama bamekutosha, bametoa numero yako. Ulikuwa ungali pale." Sahani ilikuwa imekauka kitambo. "Nikapita tena."

Nilimuuliza yeye aliupataje muhuri wake mbele ya maman wa ndoo. Akasema alimwambia kwamba anafuata karatasi ya abonnement, tiketi ya mwezi ya treni, na maman akamsogezea hadi ndoo ili apite. Hata uongo wake ulikuwa bora kuliko wangu. Nilitaka kucheka, na kama angekuwa mtu mwingine anasimulia, ningecheka naye.

"Juu ya nini unaniambia leo?"

"Juu sisikii muzuri. Bote balikuwa napiga makofi, na weye ulikuwa napiga kuliko bote."

Akalia. Alilia vibaya, kwa makamasi, gauni lile la ndege likilowa kifuani, na akaniomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha tena kwa Kiswahili. Nilikausha mikono yangu nikamshika mabega. Watu waliochungulia mlangoni walidhani ni machozi ya furaha, wakatuachia nafasi. Na mimi, nikiwa nimemshika hivyo, nilisikia lile fupa linashuka kooni. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, nilikuwa na kitu ambacho yeye alikihitaji. Nilikaa nacho kidogo kabla ya kumpa.

"Yameisha," nilimwambia.

Mwaka uliofuata niliomba tena. Alinisindikiza mwenyewe mpaka ghorofa ya pili, akasimama pale mbele ya maman na ndoo yake, akasema kwa sauti kwamba tumekuja kugonga muhuri wa faili la udaktari la rafiki yake, na kama kuna mtu anataka kwenda kulisema kanisani, bon, akaseme. Maman alilisema. Kanisa zima lilijua, kanisa zima liliomba, nami nikaingia, mwaka mmoja nyuma yake. Leo sote ni madaktari. Yeye anatibu watoto, mimi magonjwa ya mishipa ya fahamu, na tunaonana mara kwa mara.

Hajaacha kuomba msamaha. Halii tena, lakini ndani ya kila zawadi yake ninauona. Nilipojifungua alikaa nami wiki nzima akipika. Mama yangu alipolazwa alichukua likizo na kukaa kando ya kitanda chake kwa zamu na mimi. Wakati mwingine, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, anakatisha sentensi, ananiangalia, na najua yuko mbele ya ule ubao. Nami humshika mkono na kumwambia yameisha, tusahau, sisi ni ndugu.

Ambalo sijamwambia ni hili. Kama namba ile ingekuwa yake, na mimi ndiye ninayepita, ningeisoma mara moja tu, ningeshuka ngazi, na usiku ule ningelala usingizi mzito. Kesho yake nisingerudi kuangalia.